Uchungu wa mimba ya kwanza ukipitiliza: saa tunazihesabu kuanzia wapi?

BintiKigombe

Assalaam alaykum wapendwa. Wifi yangu ana mimba ya kwanza, wiki ya 38, yuko Kigombe, mkoani Tanga. Kwenye kadi ya kliniki urefu wake umeandikwa sentimita 147, na nesi amemwambia asijifungulie zahanati. Wazee nyumbani wanasema mimba ya kwanza kuumwa hata siku mbili ni kawaida, kwa hiyo asikimbizwe mjini akalale bure wodini. Naomba mnaoijua kazi hii mnieleze: saa zinahesabiwa tangu lini, na uchungu unakuwa umepitiliza ukifika wapi? Na yale maji ya mizizi ya kuongeza uchungu, anywe au asinywe? Nataka niende kwa wazee nikiwa na maneno yaliyonyooka.

Mkunga_Ngamiani

Wa alaykum salaam, mwanangu. Wazee hawajakosea kabisa, ila wanachanganya vipindi viwili, na mkanganyiko huo ndio unaoua.

Kipindi cha kwanza ni cha maandalizi. Tumbo linakaza na kuachia bila mpangilio, kiuno kinauma, ute wenye damu unatoka, na mlango wa kizazi unalainika na kufunguka polepole mpaka sentimita 5. Kwa mimba ya kwanza hapa anaweza kukaa mchana kutwa na usiku wake, mama na mtoto wakawa wazima, mradi anakula, anapata usingizi wa vipande, na mtoto anacheza. Hizi ndizo siku za wazee.

Kuanzia sentimita 5 hadi 10 ni jambo jingine. Tumbo linakaza mara 3 hadi 5 ndani ya dakika 10, kila mara kwa sekunde 40 au zaidi, na mama hawezi tena kumaliza sentensi likimshika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unasema sehemu hii kwa kawaida haizidi saa 12 kwa mimba ya kwanza, na saa 10 kwa aliyekwisha kuzaa. Kusukuma, kwa kawaida mtoto hutoka ndani ya saa 3 kwa wa kwanza, saa 2 kwa wanaofuata. Ile kanuni ya zamani ya sentimita moja kila saa haitumiki tena kama kipimo peke yake, maana wanawake wengi huenda taratibu zaidi na wakazaa vizuri. Kwenda taratibu kunavumilika. Kusimama palepale saa nne huku uchungu ni mkali, hapo lazima sababu itafutwe.

Sasa ona tatizo lenu: hiyo sentimita 5 haionekani kwa macho ya mtu aliyeko nyumbani. Anayeijua ni aliyempima. Kwa hiyo saa za maana zinaanza kuhesabiwa akiwa tayari mbele ya mkunga, na mwenye sentimita 147 awe mbele ya mkunga wa mahali penye chumba cha upasuaji. Ufupi peke yake hausemi kwamba nyonga haitatosha. Wafupi wengi wanazaa kwa njia ya kawaida, na nyonga inajipambanua siku ya uchungu wenyewe.

Nyumbani andikeni kwenye simu: tumbo lilianza kukaza kwa mpangilio saa ngapi, chupa imepasuka saa ngapi, maji yana rangi gani, mtoto amecheza lini mara ya mwisho, amekojoa lini. Andikeni "saa 3 usiku" au "saa 3 asubuhi", msiache saa tupu. Leba, yaani wodi ya kujifungulia, hayo ndiyo watakayouliza kwanza, na jibu la "tangu jana" haliwasaidii.

Akifika, watafungua partografu, ile chati ya kufuatilia uchungu. Mapigo ya mtoto yanasikilizwa kila nusu saa, na kila dakika 5 akishaanza kusukuma. Yanatakiwa yawe kati ya 110 na 160 kwa dakika. Njia, yaani mlango wa kizazi umefunguka kiasi gani, inapimwa kila saa 4. Lakini kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni cha mkono juu ya tumbo: kichwa cha mtoto kinagawanywa mafungu matano, mkunga anapapasa ni mangapi bado yako juu ya nyonga. Njia ikifunguka huku kichwa hakishuki, na utosi unazidi kuvimba na mifupa yake inapandana, mtoto amekwama hata kama sentimita zinapendeza.

Sababu za kukwama ni nguvu ya uchungu, mtoto alivyokaa au nyonga, na kila moja ina dawa yake. Nguvu ikiwa ndogo, na imehakikishwa kwamba kichwa kinapita, chupa inapasuliwa na dripu ya oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, inawekwa: uniti 5 ndani ya nusu lita, inaanza matone machache, inaongezwa kila nusu saa mpaka uchungu uwe mzuri. Mtoto akiwa ameegemeza kisogo kwenye mgongo wa mama, uchungu wote huhamia kiunoni na kazi hurefuka; apige magoti, ainamie kitanda, atembee, na wengi hugeuka wenyewe. Akitanguliza bega, au paji la uso likabaki mbele, hapo hapana mjadala, ni upasuaji. Njia ikishafunguka yote na kichwa kiko chini kabisa, vakyumu, kifaa cha kumvuta mtoto kwa kichwa, inaweza kumtoa. Mivuto mitatu bila kichwa kushuka, wanaacha na kwenda kwenye upasuaji.

Mambo mawili yanaharibu na yanatoka kwa ndugu zaidi kuliko kwa mama. Kumhimiza asukume kabla njia haijakamilika: mlango wa kizazi unavimba na yeye anaishiwa nguvu za baadaye. Na kumkandamiza tumbo kwa juu ili mtoto "ateremke": mji wa mimba unaweza kuchanika. Asiguswe hivyo na mtu yeyote.

DukaLaDawa_Chumbageni

Kuhusu mizizi, dada, jibu ni asinywe.

Kila tumbo linapokaza, damu inayokwenda kwenye kondo inapungua, na mtoto anapata pumzi yake tumbo linapoachia. Ikizidi mara 5 ndani ya dakika 10, hana muda wa kupumua. Dripu ikizidisha, nesi anaifunga na baada ya muda mfupi tumbo linatulia. Kikombe cha mizizi kikishanywewa hakifungiki, na hakuna anayejua kina nguvu kiasi gani, kwa sababu mzizi wa leo na wa wiki ijayo haulingani. Mtoto akiwa amekwama, mji wa mimba unasukuma kitu kisichopita mpaka unachanika. Dalili yake ni maumivu makali ya ghafla, kisha uchungu unakatika, mama anatoka jasho la baridi, moyo wake unakwenda mbio, na mtoto hasikiki. Wakati mwingine nyumbani watu hufurahi kwamba "amepumzika".

Vidonge vya misoprosto vinavyopenyezwa kwa siri ni hatari ileile. Hospitali wakianzisha uchungu kwa dawa hiyo kwa mdomo, hutumia mikrogramu 25 kwa mara moja. Kidonge kizima ni 200. Pigeni hesabu wenyewe.

Kama ameshakunywa chochote, aseme leba, hata wakimfokea. Kibaya ni wakimwekea dripu juu ya dawa wasiyoijua. Dua na kombe la maji safi vina nafasi yake, wazee wasinyimwe hilo.

BintiKigombe

Nashukuru sana, mama na wewe wa dawa. Na chupa ikipasuka halafu uchungu usije? Tena huku kuna wanaosema akishaanza kuumwa asile.

Mkunga_Ngamiani

Chupa ikipasuka ni safari, uchungu uwepo usiwepo. Avae kanga safi au pedi ili rangi ionekane, asiweke pamba ndani, asiingizwe kidole. Maji meupe au ya maji ya madafu ni ya kawaida. Ya kijani maana yake mtoto amejisaidia humo, ya damu nyingi au yenye harufu mbaya ni dharura. Yakipita saa 18 bila kujifungua, hatari ya maambukizi inapanda na huanzishiwa dawa za kuua vijidudu. Kitovu kikitokeza ukeni, apige magoti, kifua chini na makalio juu, hivyohivyo mpaka hospitali.

Kula, ale. Uji mwepesi, tende, chai ya sukari, madafu, kidogokidogo, mpaka leba wamwambie vingine. Mji wa mimba ni msuli na msuli wenye njaa unalegea. Akojoe kila saa 2, kibofu kilichojaa kinazuia kichwa kushuka. Na asilale chali, mimba inakandamiza mshipa mkubwa wa damu. Alale ubavu, hasa wa kushoto.

Pwani_Usafiri

Mengi mmeshasema, mimi niongeze njia. Kutoka Kigombe kwenda Bombo, hospitali ya mkoa iliyoko Tanga mjini, kwa barabara ya Pangani ukiwa na gari si mbali. Ugumu ni kulipata gari saa 8 usiku. Ushauri wangu, ahamie mjini sasa hivi, kwa ndugu wa Makorora, Mikanjuni, popote ambapo bajaji inafika Bombo kwa dakika chache. Akilala bure wiki mbili kwa shangazi hakuna kilichopotea.

Ikimkuta kijijini, piga 115, ni namba ya bure ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito. Wanapanga gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa, na nauli ya dereva huyo hulipwa na mfumo. Taja wiki za mimba, uchungu ulianza saa ngapi, chupa ikoje, na kwamba ni mfupi wa sentimita 147. Ndiyo maana yale maandishi ya saa yanahitajika.

Begi likae mlangoni: kadi ya kliniki, kanga safi nne au tano, mpira wa kulalia, glavu, pamba, beseni, nguo na kofia ya mtoto, pedi, chaja. Ulizeni kliniki kama kuna kingine cha kwenda nacho. Wawepo pia ndugu wawili wazima walio tayari kuchangia damu, na mmoja mwenye sauti ya kukubali upasuaji bila kusubiri mtu aliyeko baharini.

BintiKigombe

La mwisho. Akishajifungua baada ya uchungu mrefu, nyumbani tuangalie nini? Mama mkwe ameshajiandaa kumkanda.

Mkunga_Ngamiani

Kwanza asikimbilie kutoka. Saa 24 za mwanzo abaki hapohapo, maana mji wa mimba uliochoka unashindwa kujikaza na damu inamwagika. Sindano ya oksitosini uniti 10 hupigwa ndani ya dakika 1 mtoto akitoka, lakini bado lazima aangaliwe. Kanga au pedi ikilowa chapachapa ndani ya dakika 5, iteni nesi kwa sauti.

Pili mkojo. Akojoe mwenyewe ndani ya saa 6. Kichwa kikikaa muda mrefu nyongani, kinabana kibofu kwenye mfupa, nyama inakosa damu na baada ya siku chache inatoboka. Ndiyo fistula. Kwa aliyekwama muda mrefu, mpira wa mkojo huachwa kwa siku kadhaa, mara nyingi hadi wiki mbili, ili kibofu kipumzike na nyama ipone. Wasiombe utolewe mapema kwa aibu ya wageni. Mkojo ukianza kuvuja wenyewe, arudi hospitali mara moja. Fistula inatibika, na hospitali ya CCBRT Dar es Salaam matibabu yake ni bure.

Kukanda: maji ya uvuguvugu kwenye mgongo na miguu hayana ubaya. Maji ya kuchemka tumboni na kwenye mshono hapana, yanaunguza na yanafumua. Homa, maji ya ukeni yenye harufu mbaya, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, mguu mmoja kuvimba na kuuma: hospitali siku hiyohiyo. Akitembea huku unyayo unaburuzika, mshipa wa fahamu ulibanwa nyongani; mwambieni daktari, mazoezi yakianza mapema wengi hupona.

Mtoto akiwa na uvimbe utosini, msimkande kichwa kukiweka sawa. Uvimbe laini hushuka ndani ya siku moja au mbili. Ule wa upande mmoja unaweza kuchukua wiki kadhaa, nao huachwa, ila mwangalieni macho yasiwe ya njano. Asiyenyonya, anayelala tu hata ukimwamsha, au anayeshtukashtuka baada ya uchungu mrefu, arudishwe haraka, usiku huohuo.

Kabla hamjaondoka wodini ombeni waandike kwenye kadi sababu ya kuchelewa: nguvu, mtoto alivyokaa, au nyonga. Kama alipasuliwa, apumzike angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine, na mimba hiyo asiizalie zahanati.