Tabora hadi Kigoma kwa pikipiki wikendi hii, naombeni ushauri wa njia

Kijana wa Isevya
Wakuu, habari za jioni. Nimekwama na siku zinakimbia. Nataka kutoka Tabora kwenda Kigoma kwa pikipiki, mimi na mke wangu. Tunaondoka Ijumaa alfajiri, Jumamosi tunashinda ziwani, Jumapili tunarudi, Jumatatu niko kazini. Mke wangu ni mtu wa Sikonge, maji mengi aliyowahi kuyaona maishani ni bwawa la Igombe. Nilimuahidi Ziwa Tanganyika siku naenda kuposa.

Pikipiki ni cc 150, ya kwangu mwenyewe, haijawahi kunisumbua. Oili nimebadilisha, kofia ngumu ya pili nimenunua, siti nimeipeleka kwa fundi ameongeza sponji inchi mbili kwa nyuma. Gesti ya Ujiji nimeshatanguliza nusu. Swali langu ni moja tu: njia ya Urambo, Kaliua, Malagarasi hadi Uvinza ikoje kwa pikipiki yenye watu wawili? Aliyepita karibuni anisaidie.

Dereva Mstaafu
Kijana, umenikumbusha mbali. Mimi nimeendesha basi la Kigoma miaka kumi na moja, enzi zile tunapita Kibondo na Kasulu, vumbi unalikuta mpaka ndani ya soksi. Mara moja nilirudi kupitia Uvinza nikanunua nusu gunia la chumvi ya pale, ile wanayochemsha kutoka maji ya chemchemi. Nikaifunga juu ya keria, mvua ikanyesha usiku kucha. Nyumbani nilifika na gunia tupu, mke wangu akanyamaza siku mbili. Njia ya sasa siijui sana, ila nakutakia safari njema.

Mwanaujiji
Karibuni sana kwetu! Anza Ujiji, pale chini ya mwembe Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Halafu shuka mjini umwonyeshe shemeji stesheni ya Mjerumani, reli ilifika hapa 1914. Meli ya Liemba msiikose. Wajerumani waliileta vipande vipande ikaungwa hapa hapa Kigoma, ikashushwa majini 1915, mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe. Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini. Jioni nendeni Katonga mkaoge. Na ziwa lenyewe mwambie lina kina cha mita 1,470, duniani linashindwa na Baikal peke yake. Atakushika mkono, nakuhakikishia.

FundiSproketi
Nitajibu la pikipiki. Ni karibu kilomita 400, siyo mchezo. Beba tyubu mbili, pampu, plagi, spana ya gurudumu la nyuma na oili ya cheni. Cheni ikijaa vumbi ikakauka inakula sproketi siku moja tu. Kidahwe hadi Uvinza ni lami, kama kilomita 77, pale utapumzika. Mwaka niliopita mimi, Malagarasi hadi Uvinza kulikuwa na vipande vya kifusi vinavyokuvuta usukani. Jaza mafuta Kaliua, usiseme nitajaza mbele.

Na ule msitu una mbung'o. Wanakimbiza kitu chochote kinachotembea, na wanapenda rangi nyeusi na bluu. Vaeni kaki.

Ila kuna kitu sijakielewa. Sponji inchi mbili kwa nyuma tu, ya nini? Abiria akikaa juu kuliko dereva uzito unapanda, kwenye kifusi pikipiki inayumba. Kwa siti ya kawaida mtu mzima anafika bila shida. Mkeo ana tatizo la mgongo?

Kijana wa Isevya
Asante fundi. Hana tatizo la mgongo. Ni kwa ajili ya starehe yake tu.

Shangazi wa Urambo
Mwanangu, mwanaume hashonei mke siti ya starehe bila sababu. Na mbona basi hujalitaja hata mara moja? Treni je? Sema.

FundiSproketi
Mimi pia nasubiri.

Kijana wa Isevya
Sawa. Mke wangu ni mjamzito, miezi sita na nusu. Sikulisema kwa sababu nilijua mtaacha njia na kuanza kunihukumu.

Naomba mnielewe. Yeye mwenyewe ndiye anayetaka. Kliniki kadi yake ni safi, presha iko sawa, hatapiki tena, anatembea vizuri kuliko mimi. Basi anasema harufu inamsumbua. Na akishajifungua, tutatoka lini tena wawili? Kazini nimepewa Ijumaa hii moja. Nitakwenda taratibu, kila baada ya saa moja tunasimama. Gesti nimeshalipia. Nauliza njia, siulizi kama niende.

Dereva Mstaafu
Duh. Hapo sasa.

Nesi wa Zamu
Mimi niko wodi ya wazazi, naongea ninachokiona. Kadi safi haizuii pikipiki kuteleza kwenye kifusi. Mama mwenye tumbo la miezi sita na nusu, mhimili wake umeshabadilika, hawezi kujiokoa mkianguka, na tumbo ndilo linatangulia. Hata msipoanguka, mtikisiko wa saa nane au tisa ni mateso kwa kiuno. Akianza kutokwa damu au maumivu ya tumbo yakamshika katikati ya ule msitu, utamgeuzia wapi? Naomba ujibu hilo moja tu.

Msabato Mpole
Ndugu, ahadi uliyomtolea mkeo ni njema, lakini kuna ahadi kubwa zaidi uliyopewa na Mungu iko tumboni. Mimi mke wangu alipokuwa na hali hiyo hata maji kisimani nilichota mwenyewe, majirani wakanisema, sikujali.

Mdadisi
Wakuu ngojeni. Hii chai. Nimefungua nyuzi zake za nyuma. Miezi minane iliyopita huyu huyu aliuliza hapa mahari kwa Wanyamwezi ni ng'ombe wangapi, akasema hata barua hajapeleka. Leo mke ana mimba ya miezi sita na nusu? Hesabu zinagoma. Na pikipiki "ya kwangu mwenyewe", kwenye uzi wa Desemba alisema anatafuta ya kukopa. Anatunga, na nyie mnamwandikia hotuba.

Mtu wa Ipuli
Minane toa sita na nusu inabaki moja na nusu. Ng'ombe wanaswagwa kwa wiki moja, harusi wiki mbili. Hesabu inakubali mbona.

Mdadisi
Basi aweke picha ya hiyo siti.

Dereva Mstaafu
Mimi nilioa ndani ya siku tisa. Baba mkwe alikuwa anahamia Mpanda.

Kijana wa Isevya
Mdadisi, umeniumiza. Barua ilipelekwa wiki ileile, ndoa ilifungwa siku ya ishirini na tatu. Pikipiki nilikopa, na deni nimemaliza mwezi uliopita, ndiyo maana nasema ni ya kwangu. Picha siweki, namba ya usajili inaonekana. Lakini siti ni hii hapa mbele yangu ninapoandika: kitambaa cheusi, uzi mwekundu, na upande wa kushoto fundi alikosea mshono ukapinda kama kidole kimoja. Mke wangu ameupitisha mkono akasema ni laini kama mto wa kulalia. Hakuna mtu anayetunga mshono uliopinda.

FundiSproketi
Namwamini. Mshono wa kushoto hupinda kwa sababu keria inazuia cherehani, usipoifungua utapinda tu. Ila kitambaa cheusi, mdogo wangu, mbung'o watakuandama hadi Malagarasi.

Nesi wa Zamu
Awe anatunga au hatungi, yupo mwingine anayesoma hapa kimya na mkewe ana tumbo. Kijana, hujanijibu. Basi fanya hivi. Kesho jioni mwache mkeo nyumbani. Panda wewe kwenye hiyo siti, kule nyuma, rafiki yako aendeshe hadi Kwihara kwenye tembe la Livingstone na kurudi. Ni karibu tu.

Shangazi wa Urambo
Na ujifunge unga kilo tano tumboni kwa kanga. Usidanganye, funga hasa.

Kijana wa Isevya
Nimerudi. Nimefanya kama mlivyosema, unga na kanga, watu wa njiani wamenicheka na sikujali.

Lami ilikuwa sawa. Tulipoingia barabara ya vumbi, kila shimo rafiki yangu analikwepa mimi siwezi kuliona, kwa hiyo mwili haujajiandaa. Nilishika keria kwa mikono miwili mpaka vidole vikafa ganzi. Unga unashuka, kanga inapanda, inakata chini ya mbavu. Pale tembe nilishuka nikasimama kwanza nimeegemea ukuta. Wakati wa kurudi nilimwambia rafiki yangu apunguze mara mbili, na alikuwa tayari anakwenda mwendo wa baiskeli.

Nesi, swali lako nimelifikiria njia nzima. Sina pa kumgeuzia.

Mke wangu sijamwambia bado. Kofia yake ameitundika ukutani, ameifuta vumbi. Sijasema siendi na pikipiki. Nauliza tu, treni ya Kigoma huwa inapita Tabora siku zipi?

Nesi wa Zamu
Nenda stesheni kesho asubuhi ukaulize, ratiba hubadilika. Omba behewa la kulala, na umwachie kitanda cha chini. Abebe kadi ya kliniki.

Mwanaujiji
Mkija na treni nitawapokea stesheni, na kuna vijana wa boda wa kuaminika watakaokwenda pole pole mjini, kuna bajaji pia. Lakini kabla ya kukata tiketi angalieni mwezi. Ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani. Njooni usiku wa giza, mkae Kibirizi, muone taa zao zimejipanga juu ya maji utadhani kuna mji mwingine ng'ambo. Hilo ndilo la kumwonyesha shemeji.

Mwambie aniletee asali ya Sikonge lita moja. Mawese ya kurudi nayo nitampa mimi.