Supamaketi inataka oda zipite kwenye EDI: kiwanda kidogo kianzie wapi?

Mkamuaji, Dodoma

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninaendesha kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa Dodoma, na mbegu zangu nyingi hutoka Kongwa na Singida. Mteja wangu mmoja, mwenye supamaketi kadhaa Dar es Salaam, amenitaarifu kwamba baada ya miezi mitatu hatatuma tena oda kwa WhatsApp wala kwa barua pepe, bali kwa EDI, yaani kompyuta yake ipeane hati na yangu moja kwa moja kwa kanuni za EDIFACT. Anataka hati tatu: ORDERS, ambayo ni oda yake kwangu, DESADV, ambayo ni taarifa yangu ya mzigo uliotoka, na INVOIC, ambayo ni ankara. Kwa wiki napokea kwake oda sita hivi, na hesabu zangu ziko kwenye programu ya kawaida ya uhasibu. Fundi mmoja amenishauri ninunue seva na kuunganisha kila kitu kwa mara moja. Je, ni lazima? Kazi siiogopi, ila ninaogopa kutumia mtaji wa kununulia mbegu kwa kitu ambacho huenda sikihitaji.

Mratibu wa Manunuzi, Dar es Salaam

Dada, seva usinunue kwanza. Muulize mteja wako kama ana tovuti ya wasambazaji, ambamo unaingia kwa nywila, unasoma oda, unajaza taarifa ya mzigo na kutoa ankara humo humo, huku mfumo wenyewe ukiandika EDIFACT kwa niaba yako. Kwa oda sita kwa wiki, karani mmoja anatosha kabisa. Akisema hana, uliza kama anatumia SFTP, yaani njia salama ya kuchukua na kuweka faili kwenye seva ya mwingine, kwa sababu hapo kompyuta yako ndiyo inayokwenda kuchukua faili kwa wakati unaoupanga, na umeme ukikatika faili zitakusubiri huko. AS2, njia ya kutumiana hati moja kwa moja kati ya mashine na mashine, inadai mashine yako ipatikane kwenye intaneti muda wote, pamoja na vyeti vya kidijitali ambavyo huisha muda na kuhitaji kubadilishwa pande zote mbili. Hiyo iache mpaka oda zifike mamia.

Karani wa Mauzo, Morogoro

Naafiki, lakini kitakachokusumbua zaidi ni namba za bidhaa, wala si njia ya kupitishia faili. EDI haijui "mafuta ya lita moja". Inajua namba ya tarakimu 13 iliyo chini ya msimbopau, ambayo kwa kampuni zilizosajiliwa GS1 Tanzania, shirika linalotoa namba hizo, huanza na 620. Sisi tunasaga unga. Oda yetu ya kwanza ilikuwa na mstari ulioandikwa QTY+21:40, ambapo 21 humaanisha kiasi kilichoagizwa. Tulipakia katoni 40, kumbe namba iliyotajwa kwenye mstari wa LIN juu yake, unaotaja bidhaa, ilikuwa ya pakiti moja, na duka lilihitaji pakiti 40 tu. Gari likarudi na karibu mzigo wote, na nauli tukailipa sisi. Kosa lilikuwa letu, maana katoni yetu haikuwa na namba yake, ilhali kiasi huhesabiwa kwa kipimo cha namba iliyotajwa.

Kwa hiyo chupa ya lita 1 iwe na namba yake, katoni ya chupa 12 yake, na dumu la lita 20 lake. Kisha kaeni na mteja mlinganishe orodha mstari kwa mstari, pamoja na bei na namba ya utambulisho ya kila duka linalopokea mzigo, kabla hujagusa programu yoyote.

Mkamuaji, Dodoma

Nashukuru sana. Nimekwenda stoo kukagua: chupa zangu zina namba, katoni hazina hata moja. Nitaanzia hapo. Limebaki jambo moja: nikishatuma INVOIC, bado ninapaswa kutoa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi?

Mratibu wa Manunuzi, Dar es Salaam

Ndiyo, dada. INVOIC ni makubaliano kati yako na mteja, na risiti ya EFD ni wajibu wako kwa TRA, mamlaka ya mapato. Moja haiondoi nyingine. Mwombe mteja akubali namba ya risiti iandikwe ndani ya INVOIC kama rejea, kwenye mstari wa RFF, ili mhasibu wake asihangaike kuzilinganisha.

Omba pia wiki mbili za majaribio ambamo kila oda inakuja kwa EDI na kwa barua pepe vilevile, nawe unazilinganisha kabla gari halijapakiwa. Katika majaribio hayo utaona hati iitwayo CONTRL ikirudi kwako. Hiyo inakueleza kwamba faili imefika na imeandikwa kwa kanuni sahihi, basi. Haisemi kwamba ankara imekubaliwa. Bei ya kwenye ankara ikitofautiana na ya kwenye oda, hata kwa shilingi 10, CONTRL itarudi salama na malipo yatasimama, kwa hiyo mwambie karani wako afuatilie ankara hadi idhini ya malipo itoke.