Kompyuta mpakato ipi inafaa kwa Qubes OS?

Swali: Wakuu, natafuta kompyuta mpakato iliyotumika itakayoendesha Qubes OS, mfumo endeshi unaolenga usalama, kwa kazi za uandishi wa habari. Je, ThinkPad X230 ya mwaka 2012 bado inatosha?

Jibu: Ndugu, anza na prosesa. Qubes hutenganisha kazi zako katika mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta moja) zinazosimamiwa na programu iitwayo Xen, kwa hiyo prosesa ya Intel ni lazima iwe na VT-x (uwezo wa kuendesha mashine pepe) na VT-d (uwezo wa kutenganisha vifaa kama kadi ya mtandao), na zote mbili ziwe zimewashwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta. Kumbukumbu ya GB 6 ni kiwango cha chini, lakini nisingekushauri ununue yenye chini ya GB 16, ambazo ndizo ukomo wa X230.

Jibu: Naongeza kwamba prosesa za kizazi hicho hazipokei tena marekebisho ya usalama kutoka Intel, jambo zito kwa mwandishi anayelinda vyanzo vyake. Tafuta mpya zaidi, na kwanza upitie orodha ya mashine zilizojaribiwa kwenye tovuti ya Qubes.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Muuzaji akiniruhusu, nitawasha Tails, mfumo endeshi mwingine wa faragha, kwa flashi palepale dukani nipime Wi-Fi.

Jibu: Fanya hivyo, ila ukague VT-d pia, kwani Tails haiihitaji, hivyo kuwaka kwake hakuthibitishi kwamba ipo.