Wani ya 5 ya Daudi

*Kikundi: Ukoo wa Bibi, Nkuhungu*

Baba Daudi: Mbukwenyi wana ukoo. Matokeo mmeyaona. Daudi kapata wani ya pointi 5, EGM. Uchumi A, Hisabati B, Jiografia B. Nimemwambia aombe UDOM, chuo kikuu cha hapahapa Dodoma, alale nyumbani, asubuhi daladala, jioni ugali wake upo mezani. Yeye anataka Marekani. Nimewaletea hapa, nyumbani tumeshindwana.

Mama Tumaini: Hongera mwanangu!! Nimepiga vigelegele mpaka jirani katoka nje kuuliza kuna harusi ya nani.

Yona Mpwapwa: Hongera kijana. Marekani kusomea nini?

Daudi: Shikamooni wote. Asanteni. Nataka kufanya kazi benki ya uwekezaji. Kuna chuo kinaitwa Wharton, kipo Philadelphia. Wengi wa mabenki makubwa ya kule, kama Goldman Sachs na JPMorgan, wanatokea pale.

Yona Mpwapwa: Benki si zimejaa hapo mjini?

Daudi: Siyo hizo za kukaa dirishani, ba'mdogo.

Baba Daudi: Nikimuuliza kazi yenyewe ni ipi, ananionyesha TikTok ya kijana amevaa suti.

Mama Tumaini: Tumaini uko wapi? Hii ni ya kwako.

Tumaini Dar: Shikamooni, nilikuwa kwenye kikao. Hongera mdogo wangu! Mjomba, iko hivi. Benki ya dirishani inapokea akiba yako inamkopesha mwingine. Hii nyingine inasaidia kampuni kutafuta mtaji au kununua kampuni nyingine. Vodacom ilipouzia wananchi hisa 2017, bei ilikuwa shilingi 850. Kwa nini siyo 500? Amsons ya hapa kwetu ilipoinunua Bamburi ya Kenya 2024 ilitoa shilingi 65 za Kenya kwa hisa. Hiyo 65 haikuokotwa njiani, kuna watu walikesha nayo.

Tumaini Dar: Hata mamlaka ya maji Tanga ilivyouza hatifungani ya bilioni 53.12, 2024, yaani ilivyokopa kwa watu na kuwalipa riba, kuna walioandika waraka wa kuwaeleza wanunuzi ukurasa kwa ukurasa na kutafuta wanunuzi.

Yona Mpwapwa: Bilioni 53 za mabomba! Na zikapatikana?

Tumaini Dar: Zikapitiliza.

Baba Daudi: Haya, kazi nimeielewa. Sasa chuo.

Tumaini Dar: Wharton simbishii Daudi. Kule mabenki yana orodha ya vyuo wanavyochukulia watu. Wanawafuata wanafunzi wakiwa bado mwaka wa pili, wanawapangia fildi ya likizo ya mwaka wa tatu, na fildi ikienda vizuri ndiyo ajira. Chuo kisipokuwa kwenye orodha yao, utahangaika sana kupata hata mtu wa kusoma barua yako. Ila gharama ni zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka.

Baba Daudi: Hizo ni shilingi ngapi?

Tumaini Dar: Weka kama milioni 200. Kwa mwaka.

Yona Mpwapwa: Kaka uza shamba la zabibu 😂

Baba Daudi: Niuze la kwangu na la jirani, bado hazitoshi.

Daudi: Kuna msaada wa ada baba.

Tumaini Dar: Upo. Lakini Wharton iko chini ya chuo kikuu cha Pennsylvania, Penn, na Penn mtu wa nje akiomba msaada, hilo wanaliangalia wakati wa kuchagua. Harvard, Yale, Princeton na MIT hawaangalii mfuko wako hata ukiwa mgeni, wakikuchukua wanajazia pengo. Kazi ni kuchukuliwa. Na dirisha la maombi linafungwa mwanzoni mwa Januari, masomo yanaanza Agosti au Septemba. Maana yake ukae nyumbani mwaka mzima ukijiandaa na SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya kule.

Mama Tumaini: Mwaka mzima? Mtoto wa kiume? Hapana.

Tumaini Dar: Sasa hapa kwetu orodha ya namna hiyo hakuna. Soko dogo, kampuni zilizopo DSE, soko la hisa la Dar, hazifiki 30, ofisi zote tunajuana. Ukija kuomba fildi kwetu, bosi anakupa hesabu za kampuni za miaka mitatu zilizochapwa, laptopu yenye Ekseli tupu, na muda wa saa mbili uzijenge humo. Mwaka jana alikuja kijana mwenye cheti cha nje, mizania ikamgomea, pande mbili hazilingani mpaka muda ukaisha. Msichana wa UDOM alimaliza, halafu akauliza kwa nini madeni ya wateja yanaongezeka haraka kuliko mauzo, yaani vitu vinauzwa ila hela haiingii. Bosi akavua miwani. Fildi akapewa palepale.

Baba Daudi: UDOM! Umesikia Daudi?

Tumaini Dar: Subiri mjomba. Yule alikuwa na pa kulala Tabata, ndiyo maana akaweza kuja Dar likizo zote. DSE iko huku, madalali wa hisa huku, makao makuu ya CRDB na NMB huku.

Yona Mpwapwa: Si serikali yote imehamia Dodoma?

Tumaini Dar: Hazina ipo Mtumba kweli, na hakuna anayeuza hatifungani nyingi kama serikali. Ila wanunuzi wakubwa bado wako huku. Mtu wa UDSM, pale Mlimani, anamaliza kipindi anapanda mwendokasi. Wa IFM anatembea kwa miguu, chuo kiko Posta kabisa.

Daudi: Na kozi dada?

Tumaini Dar: Una B ya Hisabati, usiitupe. Ningekuwa wewe chaguo la kwanza ningeweka takwimu bima pale UDSM, hesabu za kukadiria hatari na hasara, la pili B.Com ya fedha. Kozi za uongozi wa biashara kwa ujumla ziache, kila mtu anazo. Ukikaribia kumaliza anza CFA, mitihani ya kimataifa ya wachambuzi wa uwekezaji, ngazi ni 3, na ya kwanza inaruhusiwa ukiwa bado chuo.

Daudi: Strathmore je?

Tumaini Dar: Nzuri sana kwa hesabu za fedha, na Nairobi soko ni kubwa kuliko letu. Muulize baba ada.

Baba Daudi: Asiulize.

Mama Tumaini: Basi aende Dar, atakaa kwa Tumaini.

Tumaini Dar: Mama, nina chumba na sebule!

Mama Tumaini: Sebule si ipo?

Daudi: Bibi yuko hapa pembeni. Anasema kama ni hesabu, nimalizie kwanza daftari la kikoba chake, kuna mama kakopa mara mbili halafu kaandikwa mara moja.

Tumaini Dar: 😂 Lifanye kwenye Ekseli unitumie nilione. Kweli kabisa.

Daudi: Sawa. Nimepanga hivi: UDSM takwimu bima, UDSM B.Com fedha, IFM benki na fedha, UDOM B.Com fedha. Maombi yanaenda chuo kimoja kimoja, kila kimoja na ada yake.

Baba Daudi: UDOM naona umeiweka mkiani.

Daudi: Ipo lakini baba.

Baba Daudi: Nitumie namba za malipo. Ya UDOM tuma ya kwanza.