Tamthilia gani yafaa kusikilizwa jioni za kaskazi?

Binti wa Langoni:

Assalamu alaikum ndugu zangu wa Amu na wa Malindi. Kaskazi imeingia, ndani ya nyumba hakukaliki baada ya magharibi, nasi tumekwisha kuipandisha runinga darini, chini ya makuti, kwa waya mrefu unaopitia dirishani. Watoto wamefunga shule, jamaa wa Mombasa wamekuja, na kila usiku tunakuwa watu tisa au kumi mbele ya kioo kimoja.

Shida yangu ni mama. Yeye hushona kofia, na macho yake hayabanduki kwenye vitobo vile vidogo anavyovizungushia uzi, kwa hiyo tamthilia huifuata kwa masikio tu. Ikiwa maneno yameandikwa chini ya picha, au wahusika wanatazamana kwa muda mrefu huku muziki ukilia, yeye hapati kitu, nami nageuka mkalimani hata utamu wenyewe ukanipita. Naomba mnitajie tamthilia ya Kiswahili inayofuatika kwa sikio, ambayo naweza kuitazama nikiwa nimeketi kati ya mama na mwanangu wa miaka 14 bila kuikimbilia rimoti.

Mama wa Shela:

Wa alaikumu salaam, dada. Kwetu tulianza na Maria, iliyoonyeshwa Citizen kuanzia mwaka 2019 hadi 2021, na sijaona tamthilia nyingine iliyowakusanya watu wa nyumbani namna ile. Kisa cha msichana aliyelelewa katika mtaa wa mabanda kisha akaingizwa katika nyumba ya tajiri kinaeleweka hata na aliyekosa vipindi vitatu. Hata hivyo, wahusika wengi wanazungumza Kiswahili cha Nairobi, na mama mkwe wangu alikuwa akiniuliza maana ya maneno ambayo mimi mwenyewe ilinibidi niwaulize watoto.

Kwa hiyo mimi nakupendekezea Sultana, iliyoanza mwaka 2022 kwa watayarishaji wale wale, Rashid Abdalla na Lulu Hassan. Hii ni ya pwani, na matamshi yake hayamkwazi mzee wa huku. Jambo nililolipenda zaidi ni kwamba Sultana mwenyewe ni kipofu. Mtu anapoingia chumbani hujitambulisha, kinachotokea huelezwa, na sauti ya kila mmoja ina uzito, kwa sababu mhusika mkuu naye anaufuata ulimwengu wake kwa masikio. Mama yako na Sultana wataelewana. Ilikuwa ikirushwa saa moja na nusu jioni, na kila ilipofika adhana ya isha tulipunguza sauti, tukasubiri, kisha tukaulizana nani kasema nini.

Mvuvi wa Matondoni:

Naafikiana na Mama wa Shela kuhusu lugha, lakini naomba mfikirie na msimu wenyewe. Kaskazi bahari imetulia, sisi tunatoka usiku, na anayekosa siku nne hawezi kushika kisa kirefu. Mimi nampenda sana Ertuğrul, tamthilia ya Kituruki iliyoanza mwaka 2014 na kumalizika 2019, kuhusu baba yake Osman aliyeasisi dola ya Waosmani. Ilitiwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa Azam TV, na hakuna neno la aibu ndani yake. Lakini ina misimu mitano na vipindi 150, na katika runinga ya kwao kipindi kimoja hukaribia saa mbili. Hiyo niliiweka kwa ajili ya kusi, wakati mawimbi yanapotuweka nchi kavu na mtu ana wiki nzima ya kukaa na wanawe.

Kwa kaskazi tafuteni fupi. Iko ile ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, iliyotiwa Kiswahili na kuonyeshwa TBC ya Tanzania mwaka 2011. Ina vipindi 36 tu, inahusu ndoa na wakwe, na mke wangu aliwahi kuniambia kuwa amewaona wale wakwe wote hapa hapa Matondoni.

Mwalimu wa Malindi:

Nampinga kaka Mvuvi katika jambo moja. Ertuğrul haimfai mtu anayesikiliza tu, iwe kaskazi au kusi. Sehemu kubwa yake ni farasi na panga, na asiyetazama husikia vyuma vikigongana asijue aliyeanguka ni yupi. Baba yangu, ambaye uoni wake umepungua, alikuwa akiniuliza, "Kafa nani?" na kabla sijajibu wamekwisha kufa wengine wawili. Tamthilia za Kihindi za Zee World nazo mziache, kwa sababu zimetiwa Kiingereza.

Kilichomtuliza baba yangu ni Vioja Mahakamani ya KBC. Najua wengine hawataiita tamthilia, nami sitabishana nao. Kesi huanza na kumalizika katika kipindi kimoja, mshtakiwa, shahidi na hakimu huzungumza kwa zamu, na kila kitu kiko katika maneno. Hata mvuvi aliyerudi jana ataelewa. Hicho ndicho kipimo changu, dada: funga macho yako kwa dakika kumi, na ukiweza kusimulia yaliyotokea, basi tamthilia hiyo inamfaa mama.

Binti wa Langoni:

Ahsanteni nyote, Mungu awalipe. Nilikifanya kipimo cha Mwalimu kwa vipindi viwili vya Sultana, nikiwa nimejifunika uso kwa leso mbele ya watoto, na sikupoteza kitu. Doudou nimemwagizia shemeji yangu wa Dar es Salaam anitafutie.

Jana usiku tuliendelea na Sultana. Mama alikuwa katika safu ya pili ya kofia, sindano inakwenda na kurudi bila kusita, mpaka mtu mmoja alipomdanganya yule msichana jambo ambalo sisi sote tulikuwa tumekwisha kulijua. Sindano ikasimama. Mama akainua uso, akaitazama runinga kwa mara ya kwanza tangu tuipandishe darini, akasema, "Mwambieni huyo mtoto asimwamini." Kisha akamwomba mwanangu amsogezee taa karibu, na akauliza kipindi kingine kinaanza lini.