Ati kijana wangu akapigane na migomba!! Huyu promota ana adabu kweli?

Kocha Ng'ambo:
Wakuu, nimetoka Forodhani sasa hivi, mikono inatetemeka. Huyu promota wa ngumi mnamjua, nani Unguja hii halijui tumbo lile? Nimemfuata kwa heshima zote, shikamoo juu, nimwombee kijana wangu pambano na bingwa wake. Kanitazama, kafuta urojo kidevuni, kasema mbele za watu: "Huyo mashoto wako mpeleke Makunduchi, akapigane na migomba siku ya Mwaka Kogwa. Kule hatukati tiketi."

MIGOMBA, ile wanayochapana kule kuukaribisha mwaka. Mie, na ndevu zangu!

Kisa? Kijana anatanguliza mkono wa kulia, miguu haitulii, ukirusha anakwepa na papo hapo la kushoto limeshakukuta. Bingwa wake anaingia kichwa mbele, mikono kiunoni, anataka mtu wa kusimama naye. Ndiyo maana kila mara analetewa kizee kimeshuka botini hakijui hata ulingo uko wapi, raundi ya pili kimelala, tunaambiwa tupige makofi.

Hagler, yule bondia wa Marekani, naye mashoto. Kaanza ngumi za kulipwa 1973, hakupewa kuwania ubingwa wa dunia mpaka 1979, wakimkwepa tu. Lakini yeye hakuambiwa MIGOMBA!

Bwana Pointi:
Povu hilo linatosha kufua kanzu za mtaa mzima. Promota yuko sawa. Frazier kampiga Ali 1971, Foreman kamwangusha Frazier mara sita 1973, mwaka uliofuata Ali kamlaza Foreman Kinshasa. Mitindo hiyo, unayemweza wewe anammaliza aliyekushinda! Ungekuwa na bingwa wako ungemkabidhi kwa mashoto?

Kocha Ng'ambo:
Ali aliambiwa akapigane na migomba? Jibu hilo kwanza.

Mtu wa Barzani:
Nilikuwepo. Urojo ule kalipa Kocha mwenyewe 😂😂

Mkusini:
Makunduchi tumekosa nini? Kwetu siku ya Mwaka hakuna kuchaguliana mpinzani, aliye mbele yako ndiye wako. Mleteni huyo bingwa.

Usingizi Mzito:
Rigondeaux, mashoto wa Cuba, alimshinda bingwa mwenzake Donaire kwa pointi 2013, wenye televisheni wakamkimbia, ati analaza watazamaji. Kijana wako nimemwona. Nililala, nikaamshwa na mlinzi anafunga geti.

Kocha Ng'ambo:
Wewe ulilala kwa kukesha na mirungi yako.

Wa Chake:
Nyie angalau mna wa kugombana naye. Siye Pemba uwanja wa Gombani upo, pambano la ngumi hatuletewi. Tukitaka kuona ndiyo tupande boti, na bahari hii ya kusi!

Binti Mkoani:
Usiitaje boti! Juzi wa pembeni yangu katapika toka Mkoani mpaka Malindi, mifuko ikaisha, akaomba mtandio wangu.

Wa Chake:
Ukampa?

Binti Mkoani:
Aliuchukua kabla sijajibu.

Mtu wa Barzani:
Afadhali wewe ulipata kiti. Mie nilikaa juu ya gunia la mbata, mwenyewe akaja kunidai kodi.