Rola baada ya plau: pojo zimeota mabakamabaka, nishindilie udongo au niuache?

shamba_mwakirunge
Salaam waungwana. Shamba ni ekari tatu, Mwakirunge. Juu ni kichanga, bondeni ni mfinyanzi mweusi. Lililimwa kwa trekta ya kukodi, plau ya sahani tatu, kina kama sentimita 20. Haro, ile ya kuvunja mabonge, ilipita mara moja, siku nne baadaye. Pojo zilipandwa kina cha sentimita 4. Palipopita tairi la trekta zimeota mstari mzima. Kwengine ni moja moja, mapengo matupu. Ukikanyaga nje ya alama ya tairi mguu unazama hadi kwenye kifundo.

Nataka kurudia vuli. Dereva anasema rola ni ya barabara, itaua udongo. Je, nishindilie? Kwa uzito gani, na lini? Pipa la lita 200 linafaa?

zana_na_grisi
Alama ya tairi imeshakujibu. Plau ya sahani huangusha udongo kwa mabonge, na chini ya mabonge hubaki uvungu. Haro hulainisha sentimita 8 au 10 za juu tu, kwa hiyo shamba linapendeza machoni na chini yake kuna mapango. Maji ya chini hupanda kwenye vijitundu vyembamba vya udongo kama mafuta ya taa kwenye utambi. Penye uvungu utambi umekatika. Mbegu hunywa yale yaliyo karibu yake, yakiisha basi; na hata ikiota, mzizi ukitokeza kwenye uvungu unakauka.

Unachotaka ni chini kushikamane na juu kubaki pamelegea. Ndiyo maana rola za kazi hii hazina uso bapa. Ni pete nzito za chuma zenye ukingo mwembamba, zimevishwa kwenye ekseli moja na kuachana sentimita 15 hadi 20. Ukingo unaingia ndani, unabana chini na pembeni, na juu panabaki vifereji vya udongo mlegevu. Dereva wako mwambie si jambo geni: Hardy Campbell alikuwa akizihimiza kwenye mashamba ya ukame huko Marekani tangu miaka ya 1890.

Kosa kubwa kwako ni zile siku nne. Mfinyanzi uliopinduliwa ukipigwa na jua la Mombasa unakuwa tofali. Plau asubuhi, rola siku hiyohiyo, kisha haro nyepesi ya kulegeza sentimita 4 au 5 za juu. Rola ipite kukingama mteremko, isifuate mteremko, la sivyo kila kifereji ni njia ya maji.

fundi_pipa
Pipa linafaa kwa masharti. Lina kipenyo cha karibu sentimita 58 na urefu wa 88. Ukilijaza maji unapata kama kilo 220, yaani kilo 250 kwa kila mita ya upana. Ukilijaza zege linakaribia kilo 500. Bati lake ni jembamba, likiwa na maji tu jiwe la matumbawe litalibonyeza na halitabingirika tena sawasawa. Kwa hiyo zege. Lakini la zege usilifungie ng'ombe wawili kwenye udongo uliolimwa juzi, utawaua. Hilo ni la trekta.

Ekseli ni bomba zito lipitalo katikati kabisa ya vifuniko vyote viwili. Pima kwa kamba pande mbili kabla ya kuchomea. Likikosea hata sentimita 1, rola inaruka kila mzunguko na inashindilia kwa madoa. Chomelea vipande vya nondo kwenye bomba ndani ya pipa kabla ya kumimina, ili zege lishike, vinginevyo bomba litazunguka peke yake. Kwa beringi, mbao ngumu iliyolowekwa oili inatosha kwa mwendo huu.

Na hapa msikilize vizuri: pipa lililowahi kubeba petroli, tina ya kuzimulia rangi au kemikali yoyote LISIGUSWE na moto likiwa tupu. Hata likiwa kavu mvuke umo ndani, na hulipuka. Tafuta lililobeba mafuta ya kupikia, lioshe, na wakati wa kukata lijaze maji hadi chini kidogo ya mstari wa kukata.

bi_kunde
Fundi, hesabu nzuri, ila pipa ni bapa na mlimaji anapanda pojo. Pojo na kunde hazitoki kama mahindi. Mahindi hutoboa kwa ncha kama sindano. Pojo huinua vipande vya mbegu juu kwa shingo iliyopinda, na shingo ikikutana na ganda gumu inavunjika. Mfinyanzi uliopigwa pasi na pipa ukinyeshewa mvua moja kubwa kisha jua, ganda limeshafanyika. Pipa lipite kabla ya kupanda, haro nyepesi ifuate, na baada ya kupanda lisirudi.

Bonde lile pia lina siku zake. Chukua udongo wa kina cha sentimita 10, uviringishe kati ya viganja. Ukipata uzi mwembamba kama njiti ya kiberiti usiokatika, acha: rola itafinyanga, na mizizi itagonga ukuta. Ukikatika ukiwa mnene kama penseli, ingia. Ukiwa vumbi tupu, rola haina la kufanya, inasaga tu. Kichanga hakina masharti hayo, hicho shindilia hata asubuhi baada ya mvua.

Asiye na rola ashindilie mstari tu: fukia, kisha tembea kisigino kwa vidole juu yake. Lakini kwa ekari tatu na mistari ya sentimita 45 ni kilomita 27 za kutembea hivyo. Tafuta watu.

shamba_mwakirunge
Ahsanteni. Trekta ni pana kuliko pipa. Alama za tairi sitaziona tena?

fundi_pipa
Utaziona. Pipa moja halifuniki njia ya tairi. Unda matatu kwenye fremu moja: mawili mbele yakiachana kama sentimita 75, la tatu nyuma katikati yao, lipitane kidogo na kila upande. Ukibaki na moja, kila mpito unakupa kama sentimita 80. Ekari moja ni kilomita 5, zaidi ya saa moja kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa bila kuhesabu kugeuza. Mwishoni mwa shamba geuza kwa duara pana. Likiburutwa ubavu linasukuma chungu la udongo na kupinda ekseli.

zana_na_grisi
Chomelea pia bamba la kukwangua nyuma ya kila pipa, liachane nalo sentimita 1, kwa ajili ya lile tope la bondeni. Ukimaliza mita 20 za kwanza simama ujaribu: weka kisigino, egemeza uzito wote. Kikizama sentimita 2 hivi, endelea. Kikizama hadi kifundo tena, rudia mara ya pili kabla ya haro. Kisipoacha hata alama, umezidisha. Kwengine punguza uzito, au subiri pakauke kidogo.